Kinachobana: Mchezaji, Fedha Zake na Kompyuta ya Nyumbani tangu 1981

Mtu ana kompyuta nyumbani. Mchezo mpya umetoka, naye akiuweka unakwenda kwa kusuasua: picha zinakatika, sauti inakwama, gari linagonga ukuta kabla usukani haujaitika. Fedha alizo nazo zinatosha kununua kifaa kimoja tu. Anunue kipi? Swali hili limeulizwa kwa zaidi ya miaka 40, na jibu lake limebadilika mara nyingi. Kuna wakati lilikuwa memori, wakati mwingine kadi ya sauti, kisha prosesa, kisha kadi ya michoro. Insha hii inafuatilia mabadiliko hayo. Historia ya kompyuta kwa kawaida huandikwa kutoka upande wa watengenezaji: kampuni gani ilianza, nani alimshinda nani sokoni. Mimi ninaitazama kutoka upande wa mwenye fedha kidogo, maana huko ndiko yanakoonekana mambo ambayo historia za kampuni huyapita haraka. Ninadai kwamba kifaa sahihi kwa kawaida hakikuwa kile chenye nguvu kuliko vyote dukani, bali kile ambacho vifaa vingine ndani ya kompyuta vilikuwa vikikisubiri. Ninadai pia kwamba maarifa ya kukitambua yalijengwa kwa kiasi kikubwa na wachezaji wenyewe, na mara nyingi yalipingana na namba zilizoandikwa kwenye maboksi.

Kwanza ni lazima tueleze kwa nini swali lenyewe liliwezekana kuulizwa. Televisheni ya mwaka 1975 haikumpa mwenye nyumba nafasi ya kuongeza chochote. Ikizeeka, alinunua nyingine. Kompyuta ya Apple II ya mwaka 1977 ilikuja na nafasi nane za kuchomeka kadi, na inafahamika kwamba Steve Wozniak alizitetea mbele ya mwenzake Steve Jobs, aliyeona kwamba mbili zingetosha. Miaka minne baadaye, tarehe 12 Agosti 1981, IBM ilitoa kompyuta yake binafsi. Wahandisi wake huko Boca Raton, Florida, walikuwa wamepewa muda mfupi, basi wakanunua sehemu nyingi kwa kampuni nyingine, ikiwemo prosesa ya Intel 8088 yenye mwendo wa megahetsi 4.77. Ndani mlikuwa na nafasi tano za kadi. Bei ya chini ilikuwa dola 1,565, na kwa bei hiyo mnunuzi alipata kilobaiti 16 za memori, bila skrini wala kiendeshi cha disketi. IBM ilichapisha pia kitabu cha maelezo ya kiufundi chenye michoro ya saketi, hivyo yeyote mwenye karakana na ujuzi aliweza kutengeneza kadi ya kuchomeka humo. Hatua hiyo ndiyo iliyoifanya kompyuta ifanane na baiskeli zaidi kuliko televisheni: mnyororo ukichoka hununui baiskeli mpya, na mnyororo wenyewe si lazima uununue kwa aliyetengeneza baiskeli.

Ila mashine hiyo ilikuwa ya ofisini. Kadi yake ya rangi, katika hali ambayo michezo mingi iliitumia, ilionyesha rangi nne tu kwa wakati mmoja, na spika yake ililia kama saa ya kumwamshia mtu. Aliyetaka kucheza nyumbani mwaka 1983 alikuwa na sababu nzuri ya kununua Commodore 64, iliyozaliwa na chipu ya sauti na ya picha zilizobuniwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo vifaa vya kwanza vya kuiboresha kompyuta ya IBM kwa ajili ya michezo havikuifanya iwe na kasi zaidi. Viliipa vitu ambavyo haikuwa navyo kabisa. Tulikumbuke jambo hili, kwa sababu miaka 35 baadaye vijana wa miji ya Afrika Mashariki watakuwa wakifanya kazi ileile ya kuigeuza mashine ya karani kuwa ya mchezo.

Sauti ndiyo iliyotangulia. Mwaka 1987 kampuni ya AdLib ya Quebec, Kanada, ilitoa kadi iliyotumia chipu ya muziki ya Yamaha. Kwa muda watu hawakuwa na sababu ya kuinunua, kwani michezo haikuitumia. Mwaka uliofuata Sierra ilitoa King's Quest IV ikiwa na muziki ulioandikwa kwa ajili ya kadi za namna hiyo, na sasa kadi ikawa na maana. Hapa tunaona kanuni ambayo wauzaji hawapendi kuitaja: kifaa hakina thamani mpaka iwepo programu inayokijua. Kampuni ya Creative ya Singapore, iliyoanzishwa na Sim Wong Hoo, iliielewa kanuni hiyo vizuri. Kadi yake ya Sound Blaster ya mwaka 1989 ilikubali kila kilichoandikwa kwa ajili ya AdLib, ikaongeza sauti zilizorekodiwa, kama mlio wa bunduki na sauti ya mtu, kisha ikaweka tundu la kuchomeka fimbo ya kuchezea. Tundu hilo huonekana dogo katika vitabu vya historia. Kwa mchezaji lilikuwa na maana kubwa, kwani vinginevyo angenunua kadi nyingine kwa ajili ya fimbo hiyo na kupoteza nafasi moja kati ya chache alizo nazo. Sidhani kwamba Creative ilishinda kwa ubora wa muziki peke yake. Ilishinda kwa sababu ilihesabu nafasi zilizobaki ndani ya kompyuta ya mteja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 tatizo lilihamia kwenye memori, na hapa historia inachukua sura ya kuchekesha. Mfumo wa DOS ulikuwa umeachia programu eneo la kilobaiti 640 tu, hata kama mtu alikuwa na megabaiti nne ndani ya mashine. Michezo ilikataa kuwaka, si kwa kukosa memori, bali kwa kukosa memori ya mahali panapotakiwa. Wachezaji walijifunza kuhariri mafaili mawili, CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT, wakiondoa programu moja, wakiisogeza nyingine, na wengi walikuwa na disketi maalumu ya kuwashia kompyuta kwa ajili ya mchezo mmoja. Walikuwa wakiongeza uwezo wa mashine bila kununua chochote. Ninaamini kizazi hicho kilijifunza ndani ya mafaili hayo mawili tabia ya kuuliza "nini hasa kinabana?" kabla ya kufungua pochi.

Waliolazimika kununua memori walikutana na soko wasilolitawala. Julai 1993 mlipuko na moto viliharibu kiwanda cha Sumitomo Chemical huko Niihama, Japani, kilichozalisha sehemu kubwa ya utomvu uliotumika duniani kufunikia chipu. Bei ya memori ikaruka. Miezi mitano baadaye, tarehe 10 Desemba 1993, id Software ilitoa Doom, mchezo uliotaka megabaiti nne. Mtu aliyekuwa ameahirisha ununuzi tangu Juni alilipa gharama ya moto uliowaka upande mwingine wa dunia. Nitarudi kwenye jambo hili, kwa sababu limejirudia.

Sasa tufike mwaka 1996, ambao kwangu ndio mwaka wenye mafunzo mengi kuliko yote. Wakati huo Intel ilikuwa na mshindani aliyeitwa Cyrix, kampuni ya Texas. Prosesa yake ya 6x86 iliuzwa kwa majina kama P166+, maana yake kwamba inafanya kazi sawa na Pentium ya megahetsi 166 au zaidi, ingawa mwendo wake halisi ulikuwa megahetsi 133. Hawakuwa wakidanganya. Kwa kazi za ofisini, yaani kuandika barua na kupanga hesabu, namba hiyo ilisimama, na bei yake ilikuwa nafuu. Mnunuzi mwangalifu aliyesoma majaribio ya magazeti ya kompyuta alikuwa na kila sababu ya kuichagua.

Mwezi Juni mwaka huo id Software ilitoa Quake. Dunia ya Quake ilikuwa na pembe tatu za kweli: mchezaji aliweza kutazama juu na chini, na kila ukuta ulipaswa kupindishwa kulingana na umbali wake. Hesabu hizo zilihitaji kugawanya namba zenye desimali, tena mara nyingi mno katika kila sekunde. Prosesa ya Pentium ilikuwa na sehemu maalumu ya namba za desimali iliyoweza kuendelea na kugawanya huku sehemu nyingine ya prosesa ikipaka rangi nukta zilizotangulia. Waandishi wa mchezo, akiwemo Michael Abrash, waliipanga programu ili itumie uwezo huo: hesabu ya mgawanyo mmoja ilifanyika kwa kila nukta 16, na wakati nukta hizo zikichorwa, jibu la 16 zinazofuata lilikuwa tayari linapikwa. Katika 6x86, sehemu ya desimali ilikuwa ya polepole. Matokeo yake ni kwamba prosesa yenye jina la 166 ilishindwa katika Quake na Pentium zenye namba ndogo kuliko jina lake.

Nani alikosea hapo? Wapo wanaosema Cyrix walitengeneza chipu mbovu. Sikubaliani nao. Chipu ilikuwa nzuri kwa kazi zilizokuwepo ilipobuniwa. Kazi ndiyo iliyobadilika. Kilichoanguka mwaka 1996 kilikuwa imani kwamba nguvu ya kompyuta inaweza kuandikwa kwa namba moja. Na aliyeiangusha hakuwa mwandishi wa gazeti. Ndani ya Quake mlikuwa na amri ya timedemo iliyocheza upya mchezo uliorekodiwa kwa kasi yote ya mashine na kutoa mwishoni wastani wa fremu kwa sekunde. Mtu yeyote aliweza kuiendesha, akaandika jibu na kulilinganisha na la jirani yake. Kipimo kilikuwa kimetoka mikononi mwa muuzaji.

Mwaka huohuo kampuni changa ya 3dfx, ya California, ilianza kuuza chipu yake ya Voodoo, na kadi zenye chipu hiyo zikaingia madukani kwa karibu dola 300. Ilikuwa kadi ya ajabu kidogo. Haikuweza kuonyesha hata herufi moja ya Windows. Ilichora pembe tatu tu. Mnunuzi alibaki na kadi yake ya zamani ya picha, akaiunganisha na Voodoo kwa waya mfupi nyuma ya kompyuta, na picha ya kawaida ikapita tu ndani ya kadi mpya kuelekea kwenye skrini mpaka mchezo ulipoanza. Baadhi ya kadi hizo zilitoa mlio wa "tik" mchezo ulipowaka, maana swichi yake ilikuwa ya chuma hasa. Januari 1997 id ilitoa toleo la Quake kwa ajili ya kadi za namna hii. Mtu aliyekuwa akicheza katika nukta 320 kwa 200 aliingia kwenye 640 kwa 480, kuta zikawa laini, na kasi ikapanda badala ya kushuka. Ni vigumu kupata mfano mwingine katika historia hii ambapo kifaa kimoja kilibadilisha mambo kiasi hicho kwa bei hiyo. Sababu yake inaeleweka: prosesa ilikuwa ikifanya kazi ambayo haikuzaliwa kuifanya, na Voodoo iliitua mzigo wote wa kupaka rangi.

Lakini mzigo ukiondolewa hapa, huonekana kule. Voodoo2 ya mwaka 1998 ilikuwa na kasi kubwa kiasi kwamba Pentium za zamani hazikuweza kuilisha. Waliokimbilia kuichomeka kwenye mashine ya mwaka 1995 walilipa fedha nyingi kwa faida ndogo. Prosesa ikawa ndiyo inayobana tena. Na jibu la wenye fedha kidogo lilipatikana mahali ambapo Intel haikupatangaza. Agosti 1998 ilitoa Celeron 300A kwa dola 149, prosesa ya watu wa bei ya chini. Ilikuwa na kache ya kilobaiti 128 ndani ya chipu yenyewe, ikienda kwa mwendo kamili wa prosesa, wakati Pentium II ya bei ghali ilikuwa na kilobaiti 512 zilizokwenda kwa nusu ya mwendo. Mwendo wake wa megahetsi 300 ulitokana na basi la megahetsi 66 kuzidishwa kwa 4.5. Intel ilikuwa imefunga namba ya kuzidishia. Haikufunga basi. Mchezaji aliyelipandisha kutoka 66 hadi 100 kwenye ubao mama wake alipata 4.5 mara 100, yaani megahetsi 450, mwendo uleule wa Pentium II ya juu kabisa wakati huo, ambayo bei yake ilikuwa mara kadhaa. Chipu nyingi zilikubali. Nyingine zilikataa, na hakuna aliyekuwa na mahali pa kulalamika.

Miaka iliyofuata naweza kuipita kwa haraka zaidi, kwa sababu kanuni ilikuwa imeshawekwa. Nvidia ilitoa GeForce 256 mwaka 1999, ikainunua mali ya 3dfx kuanzia Desemba 2000; ATI ilijibu, na AMD ikainunua ATI mwaka 2006. Kwa muongo mzima jibu la swali letu lilikuwa kadi ya michoro, karibu kila mara. Kifaa kilichosahauliwa kilikuwa pawa saplai. Mtu alinunua kadi ghali na kuichomeka kwenye pawa saplai ya bei rahisi, kisha kompyuta ikajizima katikati ya mchezo naye akailaumu kadi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa pia na balaa la kapasita mbovu zilizovimba na kupasuka juu ya ubao mama za kampuni nyingi. Aliyezoea umeme wa kwetu, unaopanda na kushuka jioni taa za mtaa mzima zinapowashwa, haitaji kuelezwa kwa nini kifaa kisichoongeza hata fremu moja kinaweza kuwa ndicho cha kwanza kununuliwa.

Jambo moja la kipindi hiki linastahili kukaa nalo kidogo, nalo ni la kipimo. Wastani wa fremu kwa sekunde ulikuwa umetawala tangu Quake. Mwaka 2011 Scott Wasson wa jarida la The Tech Report alionyesha kwamba wastani huo unaweza kuficha ugonjwa. Chukua sekunde moja yenye fremu 60. Ikiwa 59 kati yake zimetoka ndani ya milisekunde 800, na moja iliyobaki ikachukua milisekunde 200, wastani bado ni 60, namba nzuri ya kujivunia. Lakini mchezaji ameona picha ikiganda kwa sehemu ya tano ya sekunde, na adui amempiga. Wasson alianza kupima muda wa kila fremu peke yake. Kwa mtazamo wangu hili ni tukio kubwa katika historia ya vifaa hivi, ingawa halikuuza kadi yoyote siku hiyo. Liliwapa wachezaji lugha ya kusema walichokuwa wakikihisi kwa miaka mingi bila ushahidi, na likawalazimisha watengenezaji kurekebisha programu zao. Tangu hapo, pawa saplai mbovu, memori isiyotosha au diski ya polepole, vitu visivyoonekana katika wastani, vilianza kuonekana katika michoro ya vipimo.

Nilisema nitarudi kwenye moto wa Niihama. Mwaka 2011 mafuriko ya Thailand yaliingia katika viwanda vya diski, na bei ya diski ikapanda kwa kishindo dunia nzima. Kisha ikaja sarafu ya kidijitali ya Ethereum, iliyochimbwa kwa kadi za michoro zilezile za wachezaji. Kadi ziliadimika mwaka 2017, na hali ikawa mbaya zaidi mwaka 2020. Tarehe 17 Septemba 2020 Nvidia ilitoa RTX 3080 kwa bei ya dola 699. Kwa muda mrefu bei hiyo ilikuwa ya kwenye karatasi tu. Kadi ziliisha mara moja na kuuzwa tena kwa bei ya kuumiza. Duka la Newegg huko Marekani lilianzisha bahati nasibu ya kupata haki ya kununua. Ukame huo ulilegea mwaka 2022 bei ya sarafu hizo iliposhuka, na tarehe 15 Septemba mwaka huo Ethereum iliacha kabisa uchimbaji, kadi zilizotumika zikamwagika sokoni. Katika miaka hiyo miwili, hesabu zote za kinachobana hazikumsaidia mtu. Alijua kabisa anachohitaji; hakukipata. Waliopona ni wale waliokuwa na ubao mama wa AMD wa aina ya AM4, kwa sababu mtu aliyeununua mwaka 2017, mara nyingi, aliweza mwaka 2022 kuchomoa prosesa ya zamani na kuweka Ryzen 7 5800X3D mahali palepale, bila kugusa kitu kingine. Ninaona huo kuwa uamuzi wa kibiashara wa maana kwa mnunuzi kuliko matangazo mengi ya kasi.

Kuna gharama nyingine ambayo haijawahi kuingia katika kipimo chochote, nasi tunaosoma katika nchi za Maziwa Makuu hatuwezi kuinyamazia. Mwishoni mwa mwaka 2000 bei ya tantalamu ilipanda mara kadhaa kutokana na mahitaji ya viwanda vya simu na vya elektroniki, na Kivu ikajua habari hiyo kabla ya vyuo vikuu. Ripoti ya jopo la Umoja wa Mataifa ya Aprili 2001 ilieleza jinsi koltani na madini mengine ya Kongo yalivyokuwa yakiporwa wakati wa vita. Watu hutaja koltani pekee, lakini bati lina uhusiano wa wazi zaidi na kompyuta, kwa kuwa kila kiungo juu ya kila kadi kimechomelewa kwa risasi ya kulehemu yenye bati, na bati limechimbwa Walikale kwa mikono, chini ya bunduki za makundi mbalimbali. Marekani ilipitisha mwaka 2010 sheria inayozitaka kampuni kueleza kama bati, tantalamu, tungsteni na dhahabu yao vimetoka Kongo au kwa majirani zake. Hatuwezi kushika kadi moja na kusema bati lake limetoka shimo fulani. Tunachoweza kusema ni kwamba tabia ya kubadilisha kadi kila baada ya miaka miwili, hata pale ambapo ya zamani haibani chochote, ina upande wa pili, na upande huo uko karibu na sisi kuliko Silicon Valley.

Hapo ndipo ninapofika kwenye kompyuta ambazo wengi wetu tumezicheza. Katika maduka ya Kampala, Nairobi, Kigali au Dar es Salaam, kompyuta ya kawaida ya mchezaji mwenye fedha kidogo ni Dell OptiPlex au HP iliyofanya kazi katika ofisi ya Ulaya au Marekani, ikauzwa kwa wingi baada ya miaka michache. Prosesa yake ni Core i5 inayofaa kabisa. Inabana kwingine. Pawa saplai yake ni ndogo, mara nyingi chini ya wati 300, haina waya wa kulisha kadi ya michoro, na umbo lake ni la kampuni yenyewe, hivyo huwezi kuibadilisha kwa ya dukani kirahisi. Kadi iliyolijibu tatizo hili vizuri zaidi ni GeForce GTX 1050 Ti ya Oktoba 2016, iliyotangazwa kwa dola 139. Inatumia wati 75, kiasi ambacho nafasi ya kadi kwenye ubao mama inaweza kutoa peke yake, na baadhi ya matoleo yake ni mafupi kiasi cha kuingia katika boksi jembamba. Ilipotoka haikuwa kadi ya kumshangaza mtu. Kwa mashine hizi ilikuwa Voodoo. Baada yake hufuata kijiti cha pili cha memori, kwa sababu mashine za ofisi huja mara nyingi na kimoja, na viwili hufungua njia mbili za kusafirishia data, kisha SSD. Fundi wa dukani atakwambia mpangilio huu bila kusoma jarida lolote.

Lakini tangu Oktoba 2021 kuna kinachobana cha aina mpya. Windows 11 haikubali rasmi prosesa nyingi za Intel za kabla ya kizazi cha nane. Core i7-7700K ya Januari 2017, yenye viini vinne na iliyokuwa ya juu kabisa katika safu yake, haimo katika orodha ya Microsoft. Prosesa za bei ya chini za kizazi kilichofuata, zenye viini viwili tu, zimo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10. Ofisi za nje zinaendelea kuzitoa mashine za vizazi vya sita na saba, nazo zinaendelea kuwa rahisi huku kwetu, zikiwa na prosesa ambayo haijachoka na nafasi ya kadi iliyo tupu. Ukiipima mashine hiyo kwa timedemo, kwa wastani au kwa muda wa kila fremu, hutaona kasoro yoyote inayolingana na bei yake. Kinachoibana kimeandikwa katika orodha ya majina, na hakuna kadi inayouzwa ya kukiondoa. Wanaozinunua wanagawanyika sasa: wengine huipita orodha hiyo kwa njia za mafundi, wengine huweka Linux na kuendesha michezo kupitia Steam, na wengine hugeuza boksi kwanza kusoma kizazi cha prosesa kabla hata ya kuuliza bei.